Barua kwa mwanangu: slipu yako ya kidato cha sita

Arua, Jumapili jioni

Mwanangu Halima,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unauliza kama matokeo yako ya UACE, ule mtihani wa kidato cha sita hapa Uganda, uyaingize kwenye fomu ya shule ya udaktari huko Marekani, na kama ile A ya biolojia waweza kuihesabu pamoja na A ulizopata chuoni. Nimefungua sanduku la bati nikaitoa slipu yako, ile karatasi ya matokeo. Kingo zimeanza umanjano, lakini A ya biolojia na B ya kemia bado zinasomeka vizuri. Nimekukumbuka jikoni, unachambua maharage huku unakariri jedwali la elementi, na kijiwe kimoja kikakupita tukakikuta kwenye chakula.

Usiihesabu, mwanangu. A ya UNEB, baraza letu la mitihani, ni pointi 6, na hapa kwetu ina heshima yake, ila si alama ya profesa wako. Kilichovuka nawe bahari ni zile krediti, yaani hesabu ya masomo uliyotambuliwa kuwa umeyamaliza, ambazo chuo kilikupa kwa slipu hii. Ziandike kama transkripti, ile orodha rasmi ya masomo na alama zako za chuo, inavyozionyesha, kwenye muhula ule chuo kilipozikubali. Penye alama, kama transkripti haina, nawe usiweke. Wenzako waliosoma AP, yale masomo ya ngazi ya chuo yanayosomwa sekondari huko Marekani, wanaandika hivyo hivyo kwenye AMCAS, huduma inayopokea maombi ya shule za udaktari huko: krediti bila alama, wala haziingii kwenye wastani wa alama. Krediti zako za UACE ziitwe jina gani kwenye fomu, waulize AMCAS wenyewe pamoja na msajili wa chuo chako kabla hujatuma. Wale hulinganisha fomu na transkripti kozi kwa kozi, na yenye makosa mengi wanaweza kuirudisha wakati muda unakwisha.

Nakusisitizia kwa sababu yalinipata. Nilipoomba uuguzi, kemia yangu ya kidato cha sita ilikuwa O, yaani ufaulu wa sabsidiari tu. Ndugu mmoja akaniambia niandike prinsipali, yaani ufaulu kamili, eti nani atatazama. Nikaandika. Siku ya usaili mama mmoja alichukua slipu yangu, akaweka kidole juu ya ile O, akanitazama bila kusema neno. Nilirudi nyumbani kwa lori la mihogo, nikakaa miaka 2 kabla ya kupata nafasi nyingine. Baba yako hajui habari hii hadi leo.

Kuna jingine linaloninyima usingizi zaidi ya fomu. Ulisema krediti hizo zilikuruhusu kuruka biolojia ya mwaka wa kwanza. Shule nyingine za udaktari hazikubali krediti za sekondari zisimame badala ya somo wanalolidai. Wanataka uwe umesoma biolojia ya ngazi ya juu zaidi chuoni, pamoja na maabara yake. Fungua ukurasa wa kila shule unayoomba, usome masharti yao wenyewe, usitegemee maneno ya wenzako bwenini. Ikibidi kuongeza somo muhula ujao, liongeze. Ada tutaitafuta, ufuta bado uko ghalani na bei inapanda.

Slipu nimeipiga picha mbele na nyuma. Simu yangu haina bando, kwa hiyo mjomba wako atakutumia kesho akifika sokoni. Yenyewe nimeirudisha sandukuni, chini ya kanga yangu ya harusi.

Mama yako