Kinu kikija Pwani, kijitengenezee maji yake

Mhariri,

Tangu Uyombo, Kilifi, itajwe kuwa mahali pa kujengwa kinu cha nyuklia, na wenyeji wakaandamana mwaka wa 2024 kupinga, kuna swali ambalo sijasikia likijibiwa sawasawa: maji ya kinu hicho yangetoka wapi? Macho ya serikali sasa yameelekea Siaya, lakini bahari iko hapa hapa, na mipango kama hii hurudi.

Naishi Majengo. Mfereji wetu hukauka hata wiki tatu. Mkokoteni wa mitungi usipopita, twateka kisimani, na maji yale ukiyapikia chai maziwa hukatika. Sabuni haitoi povu. Basi nikisikia mradi mkubwa waja Pwani, mawazo yangu hukimbilia bomba la Mzima na visima vya Baricho, maji ambayo hata sisi hayatutoshi.

Kinu kilicho ufuoni hupozwa kwa maji ya bahari yenyewe. Lakini mvuke unaozungusha mitambo ya umeme wataka maji safi kuliko haya tunayokunywa, yasiyo na chumvi wala madini, la sivyo mabomba huliwa. Si lazima yatoke mtoni. Kinu cha Diablo Canyon, California, husukuma maji ya Pasifiki kwa nguvu yapite kwenye utando unaozuia chumvi, kikapata maji yake chenyewe yasiyo na chumvi. Kule Aktau, Kazakhstan, walifanya makubwa zaidi: kuanzia 1973 hadi 1999 joto la kinu lilisaidia kuchemsha maji ya Bahari ya Caspian, na mji ukanywa. Kweli, Caspian haina chumvi kali kama bahari yetu, lakini kazi ni ile ile.

Wabunge wetu wa Pwani, sharti hili liandikwe kwenye mkataba kabla ya sahihi ya kwanza: kinu kisiguse hata tone la Mzima wala Baricho, na mtambo wake wa kuondoa chumvi uwe mkubwa kuliko haja yake, ziada ije mijini.

Kuna na mabaki ya mtambo huo wa kuondoa chumvi. Lita moja ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi; ukishatoa maji yasiyo na chumvi, chumvi yote hujikusanya kwenye maji yanayobaki. Yakimwagwa karibu na mikoko ya Mida, samaki wachanga wanaweza kufa. Wavuvi waonyeshwe bomba la kumwaga maji hayo litaishia wapi kabla mtaro haujachimbwa.

Mkazi wa Majengo,
Mombasa