Babu, walivuka juu ya barafu

Houghton, Michigan, Marekani
23 Februari 2025

Babu mpendwa,

Shikamoo. Najua Neema ndiye anayekusomea hapo barazani, kwa hiyo Neema na wewe, hujambo? Soma polepole, na Babu akikwambia rudia, rudia. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Baridi ya huku haisimuliki. Theluji imefika usawa wa dirisha, na lile koti Mama alilonichagulia pale sokoni Memorial linanifaa ndani ya chumba tu. Nje navaa la hapa hapa, zito kama godoro.

Siku ya Krismasi mlipokuwa mnapokezana simu uliniuliza, “Mjukuu wangu, umeacha ng'ombe na migomba ukaenda kusomea mbwa?” Sikukujibu vizuri. Kelele zilikuwa nyingi, mbuzi alikuwa anaiva, na salio likakata. Lakini swali lako limekaa nami miezi miwili sasa, na si swali la kujibiwa kwa ujumbe mfupi.

Nianze na jina. Kwetu tukisema mbwa mwitu tunamfikiria yule wa mabaka, masikio ya duara, wa Mkomazi na Loliondo. Huyu ninayemsomea ndiye yule wa Biblia, anayekuja amevaa mavazi ya kondoo. Yule wa kwetu ni ndugu wa mbali tu, ila huyu ndiye chimbuko la mbwa wote wa kufugwa, hata Simba wako anayelala chini ya ghala. Tena hata kwetu wamo watu wa karibu yake. Wale bweha wa rangi ya dhahabu unaowaona bondeni Ngorongoro, mwaka 2015 wataalamu wa vinasaba walionyesha kwamba kwa nasaba wako karibu na mbwa mwitu kuliko walivyo karibu na bweha wengine. Miaka yote tulikuwa nao tukiwaita bweha.

Sasa sikiliza habari ya kisiwa.

Kinaitwa Isle Royale, kiko ndani ya Ziwa Superior, ziwa linalolizidi Ziwa Viktoria kwa eneo. Kisiwa kina urefu wa kama kilomita 70. Hakina kijiji wala shamba, ni hifadhi, na wakati wa baridi kinafungwa kabisa. Mwanzoni mwa karne iliyopita walifika huko wanyama wanaoitwa musi. Umfikirie kulungu, halafu umkuze mpaka ampite fahali, umpe pembe pana kama ungo. Hawakuwa na adui. Walizaana wakamaliza majani, wakafa kwa njaa, wakazaana tena. Ndipo mwishoni mwa miaka ya 1940, ziwa lilipoganda, mbwa mwitu wachache wakatembea juu ya barafu kutoka bara, kama kilomita 24, wakaingia kisiwani. Hakuna aliyewapeleka. Barafu ndiyo iliyokuwa daraja.

Mwaka 1958 mwanasayansi mmoja, Durward Allen, akaanza kuwahesabu, na hesabu hiyo inaendelea mpaka leo. Ni utafiti mrefu kuliko wowote duniani wa mwindaji na mawindo yake ndani ya eneo moja. Rolf Peterson, ambaye kila mtu hapa anamtaja kwa heshima, alianza kwenda kisiwani mwaka 1970 akiwa mwanafunzi. Januari ikifika, watafiti wachache huruka kwa ndege ndogo yenye mbao za kuteleza badala ya magurudumu, inatua juu ya ziwa lililoganda, nao hukaa wiki kadhaa wakifuata nyayo kutoka angani.

Mimi kazi yangu ni mifupa. Wakati wa joto tunatembea kisiwani na mizigo mgongoni, hatufuati njia, tunatafuta mizoga ya musi. Tukiipata tunabeba kichwa, taya, nyonga na mfupa wa mguu wa nyuma. Majira ya baridi nakaa maabara nikiosha, nikipima, nikiandika. Kwa miaka zaidi ya 60 wamekusanya mifupa ya maelfu ya musi, na kutoka kwenye mifupa hiyo wamegundua jambo lililonikumbusha mguu wako wa kulia. Musi wenye nyonga zilizosagika uzeeni mara nyingi ni wale ambao mfupa wao wa mguu ni mfupi, yaani waliokosa chakula cha kutosha utotoni. Hao ndio mbwa mwitu wanaowamudu. Musi mwenye nguvu akisimama imara, wao humzunguka kidogo kisha wakaondoka. Nikishika nyonga ya namna hiyo, iliyong'aa kwa kusagana kama mwiko uliokorogea mtori miaka 40, nakuona unavyoinuka kwenye kigoda asubuhi.

Kuna mfupa mwingine nataka nikueleze, na huo ni wa mbwa mwitu mwenyewe. Ni pingili ya mgongo, pale kiuno kinapoungana na nyonga. Pingili nzima inatakiwa iwe na mabawa mawili yanayolingana. Hii niliyopewa nishike, bawa la kushoto limejitokeza vizuri kama la kiuno, la kulia limejikunja na kushikamana kama lile la nyonga. Ukiiweka mezani inalala upande. Nilijaribu kuisimamisha mara tatu, nayo ikalala mara tatu. Mnyama mwenye mgongo wa namna hiyo anakimbiza musi wa kilo 400 kwenye theluji.

Walipochunguza mifupa ya mbwa mwitu wa kisiwa hicho waliona kwamba 58 kati ya kila 100 walikuwa na kasoro za namna hii tangu kuzaliwa. Sababu yake wewe utaielewa upesi kuliko wanafunzi wengi ninaosoma nao. Unakumbuka Baba Mdogo Elia alivyoleta habari za yule binti wa Mwika? Wazee mlikaa, mkafuata nasaba, mkakuta bibi yake alitoka ukoo wetu, na habari ikaishia palepale. Elia alilia. Nilikuwa mdogo nikaona mnamwonea. Ulisema neno moja tu, “Damu haijioi.” Kisiwani, Babu, damu ilijioa kwa sababu haikuwa na pa kwenda.

Kundi la mbwa mwitu ni familia, baba na mama na watoto wao wa miaka miwili mitatu. Mtoto akikua huondoka kutafuta mwenzi mbali, tena bila kuambiwa na mzee yeyote. Bara anaweza kutembea mamia ya kilomita. Kisiwani anafika majini anarudi. Mwaka 1980 walikuwa 50. Miaka miwili baadaye walibaki 14, kwa ugonjwa wa virusi unaoua mbwa, ambao wataalamu wanaamini uliingizwa na mbwa wa kufugwa aliyeletwa na mgeni kinyume cha sheria. Hao 14 ndio wakawa ukoo mzima.

Halafu mwaka 1997 likaja dume moja. Barafu ilishika, likavuka peke yake kutoka bara. Watafiti waliliona, dume kubwa lenye kulinda mipaka yake kwa ukali, na lilivyozeeka manyoya yakawa meupe kabisa. Wakalipa jina la utani lenye maana ya Mzee wa Mvi. Hawakujua kuwa ni mgeni. Walikuja kutambua miaka mingi baadaye, walipopima vinasaba kwenye kinyesi walichokuwa wamekiokota na kukihifadhi. Dume hilo moja lilizaa watoto 34, na katika vizazi viwili na nusu hivi zaidi ya nusu ya damu yote ya kisiwa ikawa ya kwake. Kwa muda walipata nafuu. Lakini jike wake alipokufa, alizaa na binti yake mwenyewe, maana nani mwingine alikuwepo? Kufikia mwaka 2016 walibaki wawili kisiwa kizima, dume na jike, baba na binti, na hapohapo ni ndugu waliozaliwa na mama mmoja.

Barafu ndiyo ilikuwa imeadimika. Miaka ya 1960 ziwa lilifunga mpaka bara miaka mingi. Siku hizi inaweza kupita miaka bila daraja. Mwaka jana, mimi nikiwa hapa, watafiti walirudi mapema kwa sababu barafu haikuweza tena kubeba ndege. Niliwaona wakishusha mizigo na hakuna aliyezungumza.

Watu walibishana sana wafanye nini. Wengine walisema hii ni hifadhi ya asili, mwanadamu asiingize mkono, wakifa wafe. Wengine, akiwemo Peterson na mwenzake John Vucetich, walisema mkono wa mwanadamu ulishaingia tangu tulipoanza kulipasha joto anga. Mimi niko upande huu wa pili. Mtu akivunja daraja la jirani hawezi kukaa barazani akisema ni mapenzi ya Mungu jirani asifike sokoni.

Basi mwaka 2018 Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani ikaamua. Katika msimu huo na uliofuata walipelekwa mbwa mwitu 19, wengine wakitoka Minnesota, wengine Kanada, wengine huku huku Michigan. Walichaguliwa kutoka sehemu mbalimbali makusudi, kama ninyi mnavyouliza, “Mama yake ni wa wapi?” Jike mmoja hakukubali. Tarehe 31 Januari 2019 barafu ilikuwa imeshika, naye akatoka kisiwani kwa miguu akarudi kwao, kola ya kumfuatilia ikiwa shingoni. Nimeangalia ile ramani ya safari yake mara nyingi. Mstari umenyooka.

Waliobaki walioana wakazaa. Mwaka jana walihesabiwa 30. Musi, ambao mwaka 2019 walikuwa zaidi ya 2,000 na walishamaliza miti michanga, walihesabiwa kama 840, na miche ambayo kwa miaka mingi haikuvuka urefu wa goti imeanza kupanda. Nimeiona mwenyewe. Nilipiga magoti mbele ya mche mmoja nikahesabu matawi ya miaka mitatu ambayo hayajaguswa.

Sitaki udhani kila mtu huku anafurahi. Upande wa bara mbwa mwitu walikuwa karibu kwisha kwa kuwindwa, sasa wamerudi wenyewe, wako zaidi ya 600 katika rasi hii ya Michigan ninakokaa tu, na mfugaji mwenye ndama wachache anapoteza. Hulipwa fidia pale maofisa wanapothibitisha kwamba ni mbwa mwitu kweli. Mmoja alinionyesha mahali alipomkuta ndama wake, akanyamaza. Nilikukumbuka mwaka ule chui alipotoka msituni akachukua mbuzi wawili na hukulipwa chochote. Mimi nawapenda hawa wanyama, lakini sitakuja kumwambia mtu aliyepoteza mbuzi kwamba hasara yake ni ndogo.

Babu, barafu ndiyo hasa iliyonifanya nikuandikie wewe. Ulibeba mizigo ya wazungu mpaka Kibo, kule juu Kilimanjaro, tangu mwaka 1965. Ulitusimulia kuta za barafu zilizokuwa juu kuliko nyumba, na sauti zake zikipasuka mchana jua likizipiga. Nimesoma hapa kwamba mwaka 1962 msafiri Mwingereza, Wilfred Thesiger, aliwakuta mbwa mwitu watano, hawa wa kwetu wenye mabaka, juu kabisa karibu na kilele cha Kibo. Je, wapagazi wa zamani waliwahi kulizungumza hilo kambini? Uliwahi kuona nyayo kwenye theluji? Wanasayansi walipima wakaona kwamba kutoka mwaka 1912 hadi 2007, sehemu 85 kwa mia ya barafu ya Kilimanjaro ilikuwa imepotea. Hiyo ni namba. Wewe ulisimama pale. Nataka unieleze barafu ilifika wapi ulipopanda mara ya kwanza, na ilikuwa wapi ulipopanda mara ya mwisho. Neema akurekodi kwa simu, kwa Kichagga, usihangaike na Kiswahili.

Jambo lingine ni Simba wako. Tafadhali apelekwe chanjo ya kichaa cha mbwa na ya magonjwa mengine, na wa Mama Eliza pia, maana wanazunguka pamoja mpaka kwenye msitu. Mwaka 1994 ugonjwa unaobebwa na mbwa wa vijijini uliua theluthi moja ya simba wa Serengeti, kama 1,000. Nimemtumia Neema pesa kwa simu, zinatosha mbwa wote wa pale mtaani.

Wasalimie Mama, Baba Mdogo na mkewe, na Shangazi wa Himo. Neema, kesho ukitoka kumkatia ng'ombe majani, kabla mawingu hayajashuka, simama pale kwenye mfereji juu ya migomba unipigie picha ya Kibo. Usiikate juu.

Mjukuu wako,
Aika