Sikiliza pale watu wanapoacha kucheka

Barabara ya 9, Ngamiani,
Tanga.

Swahibu yangu Rajabu,

Salaam aleikum. Huku kwetu wazima, vuli imeanza, na mama anakusalimu sana. Kaniuliza tena unarudi lini kutoka Mtwara, nikamwambia korosho zikishauzwa. Habari za mji utazikuta ukija, maana leo nina jambo moja tu.

Wiki ya pili hii nimeganda kwenye rekodi ya marehemu Nina Simone, yule mama wa Kimarekani aliyekuwa akiimba huku akipiga piano mwenyewe. Ilirekodiwa jukwaani, Carnegie Hall, New York, mwaka 1964. Nyimbo ni saba na zote nzuri, lakini wa mwisho, Mississippi Goddam, ndio ulionishikisha kalamu.

Vaa spika za masikioni uusikilize usiku. Piano inakwenda mbio, inachangamka, ungeisikia bila maneno ungesema hapa watu wanaitwa kucheza. Anataja jina la wimbo, jina lenye apizo ndani yake, anasema anamaanisha kila neno. Ukumbi unacheka. Anaimba kidogo, kisha anawaambia huu ni wimbo wa mchezo wa jukwaani, ila mchezo wenyewe haujaandikwa bado. Wanacheka tena. Anaendelea, na mwendo ni ule ule. Baadaye anawaambia bila shaka walidhani anatania. Hapo, Rajabu, kile kicheko cha mwanzo hukisikii tena. Nimerudia mahali hapo sijui mara ngapi.

Wimbo wenyewe ulizaliwa hivi. Juni 1963 Medgar Evers, mpigania haki za watu weusi kule Mississippi, alipigwa risasi nje ya nyumba yake. Septemba 15 mwaka huo huo bomu likalipuka kanisani Birmingham, Alabama, siku ya Jumapili, likaua wasichana wanne. Watatu walikuwa na miaka 14, mmoja 11. Nina mwenyewe alisimulia kwamba alipopata habari alianza kukusanya vyuma nyumbani atengeneze bunduki. Mumewe akamkumbusha kuwa analolijua yeye ni muziki. Akakaa kwenye piano, na haikupita saa moja wimbo ukawa umekwisha. Baadaye zilipopelekwa santuri zake majimbo ya kusini, boksi zima lilirudishwa, kila santuri imevunjwa vipande viwili.

Sisi watu wa taarabu siri ya sauti tamu yenye neno chungu tumeikuta kwa wakubwa wetu. Black Star na Lucky Star za hapa hapa Tanga zilikuwa hivyo. Mwimbaji wao Shakila anakubembeleza, na aliyekusudiwa amekaa pale kwenye kiti anajijua. Lakini sisi tunafumba maneno. Huyu mama maneno aliyaacha wazi kabisa, akaufumba mdundo. Mpaka mtu ashituke kwamba anasemwa yeye, mguu wake umeshaanza kugonga sakafu.

Juzi nikajaribu kuupiga kwenye kinanda, uani. Mama alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi. Akaanza kutikisa bega, mkono unakuna kwa kufuata mapigo, akaniuliza, "Huu wa harusi ya nani?" Nikamwambia ni wa watoto wanne waliouawa kanisani. Kifuu kikabaki pale pale kwenye meno ya mbuzi. Akanitazama. "Na wewe unaupiga hivyo?" Nikamwambia mwenyewe alipiga hivyo hivyo, mbele ya watu wake. Hakusema kitu. Baadaye, chai ishapoa, akaniomba niupige tena.

Sasa nikupe kilichonisukuma hasa. Unakumbuka tulipokwenda kurekodi, fundi akatutenga kila mtu na chombo chake, akasema anataka sauti safi? Nilimwamini. Leo nikisikiliza kazi ile naona tumetiwa kwenye chupa. Fidla yako ipo, kinanda changu kipo, lakini hakuna aliyepiga kigelegele, hakuna aliyeinuka kutunza, hujui ubeti upi ulimchoma nani. Lile la Carnegie Hall, waliokuwepo wamo humo humo ndani ya wimbo tangu 1964, na bila wao nisingejua wimbo umewafanya nini.

Kwa hiyo nakuuliza: ile kaseti uliyorekodi mwenyewe kwenye harusi ya Makorora, umeme ulipokatika tukaendelea na dumbaki na sauti tupu, bado unayo? Ile ambayo bibi mmoja anasikika akilia kwenye ubeti wa tatu. Tulisema imeharibika kwa kelele. Usirekodi kitu kingine juu yake. Ifunge vizuri kwenye nailoni, isipate mvuke wa bahari, uje nayo mkononi, usimpe mtu wa basi.

Nduguyo wa kinanda,
Salimu