Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wakulima wa Mihogo

Ndugu wanachama,

Mkutano wetu wa mwaka jana uliamua tununue simu janja mbili kwa fedha za chama, tuweke Nuru, programu inayotambua ugonjwa wa muhogo kwa kuangalia jani kupitia kamera ya simu, tuzizungushe mashambani tujue magonjwa ya mihogo yamefika wapi. Baadhi yenu mlipinga, mkasema fedha hizo zingetosha kununua pingili. Hoja ile ilikuwa na uzito, na ndiyo nitakayoijibu leo kuliko jambo lingine lolote. Hesabu za ada na matumizi atazisoma mweka hazina baada yangu.

Nianze na jambo ambalo wengi wetu hatukulijua. Nuru ilitengenezwa na mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, pamoja na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, lakini majani iliyojifunzia ni ya huku huku kwetu Pwani. Watafiti walipiga picha zaidi ya 2,700 kwenye mashamba ya majaribio nje ya mji wa Bagamoyo, na wataalamu wakaipa kila picha jina lake: hili lina ugonjwa wa batobato, hili lina ugonjwa wa michirizi ya kahawia, hili limeliwa na utitiri, hili zima. Kompyuta ikaonyeshwa picha hizo tena na tena, ikikosea inasahihishwa, mpaka ikaanza kutambua yenyewe. Hiyo ndiyo akili mnemba tunayoisikia redioni. Kwa picha zile, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha inapatia kama mara 93 kati ya 100. Ilipoingia kwenye simu na kupelekwa shambani kazi ilikuwa ngumu zaidi, hasa dalili zikiwa bado changa.

Magonjwa yenyewe ni ya zamani. Batobato iliandikwa mara ya kwanza mwaka 1894 katika nchi hii hii, enzi za Wajerumani. Michirizi ya kahawia ilielezwa mwaka 1936 na Storey, mtafiti wa kituo cha Amani kule Usambara. Bibi zetu walilima mihogo magonjwa haya yakiwapo. Yanaenezwa na inzi weupe, na yanaenezwa na sisi wenyewe tunapobebeana pingili.

Nuru inasema Kiswahili na haihitaji bando ukiwa shambani, ndiyo maana tuliichagua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliilinganisha na watu katika kutambua dalili za majani. Wakulima tulipatia kati ya asilimia 18 na 31, maafisa ugani kati ya 40 na 58, Nuru 65. Ikionyeshwa majani sita ya mche mmoja badala ya moja, ilipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88. Naomba hayo majani sita myakumbuke, kwa sababu sisi mwanzoni tuliyapuuza.

Mwezi wa tano mwanachama mwenzetu alisogeza simu kwenye jani moja la chini, mkewe akiwa amekinga jua kwa kanga, maana jua likiwa kali kioo hakionyeshi kitu. Simu ikasema michirizi ya kahawia. Kesho yake aling'oa tuta zima. Nilifika kwake jioni, mihogo imelala juu ya udongo, tukaikata kwa panga mmoja mmoja: mweupe, mweupe, mweupe. Alinitazama asiseme neno. Kilikuwa chakula cha watoto wake, na hakijakomaa.

Bibi shamba alipokuja aliyageuza mashina, akauliza swali moja tu: hii mbegu gani? Ilikuwa Kiroba. Kiroba huugua michirizi, na majani yake huonyesha, lakini mizizi yake huvumilia na mara nyingi huvunwa mizima. Basi simu ilikuwa imelisoma jani sawasawa. Kilichokosekana ni mtu wa kuunganisha habari ya jani na habari ya mbegu. Kisha akatuonya upande wa pili: muhogo mweupe usitudanganye, pingili za shina lile bado zina ugonjwa. Jirani akizipanda karibu na mbegu isiyovumilia, inzi wataufikisha ugonjwa kwenye mbegu hiyo, na siku ya kuvuna atakata mihogo yenye madoa makavu ya kahawia ndani kama gome la mti. Kiroba kile kilifaa kubaki shambani na kuliwa. Kisichofaa kilikuwa kukigawa kama mbegu.

Tangu siku ile kamati iliweka utaratibu. Majani sita kila mche. Jibu la simu linaandikwa kwenye daftari, pembeni yake aina ya mbegu na mahali pingili zilikotoka. Hakuna kung'oa kabla bibi shamba hajafika. Katibu wetu amelishika daftari hilo kwa uaminifu ambao sijapata kuuona katika chama chochote, na ninamshukuru mbele yenu.

Ndugu zangu, daftari lile ndilo lililonibadilisha kuliko simu. Tulipoketi mwezi wa kumi kulipitia, tuliona mashamba mengi yenye michirizi yalipanda pingili kutoka bonde moja, lile ambalo sote tunalisifia mashina yake manene. Hakuna aliyekuwa akilijua hilo, kwa sababu kila mtu alijua shamba lake tu. Na ndiko fedha zile za mwaka jana zingekwenda kununua pingili.

Liko kosa la kamati ambalo sina budi kulisema. Orodha ya mashamba yenye ugonjwa ilibandikwa ukutani mwa ofisi, majina na yote, na mnunuzi mmoja akaacha kufika kwa waliotajwa. Nawaomba radhi mlioumizwa. Jani pekee halina mwenyewe, lakini jani lenye jina lako, namba yako ya simu na mahali shamba lako lilipo ni taarifa yako. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na hata isingekuwapo tungepaswa kuoneana haya. Napendekeza mkutano upitishe leo kwamba mwanachama aulizwe kwanza kabla picha zake hazijatumwa kwa yeyote, na daftari litumie namba badala ya majina.

Kwa msimu ujao kamati inaomba idhini ya kuanzisha kitalu cha pingili safi, mbegu mama tukiichukua kupitia kituo cha Kibaha cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, na kuomba ukaguzi wa TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu. Eneo lililopendekezwa liko ng'ambo ya barabara, mbali na mihogo ya zamani, kwa sababu ya inzi. Simu zitakagua kitalu kabla ya kugawa pingili yoyote, na bibi shamba amekubali kuwapo siku hiyo.

Simu zote mbili ziko kwa katibu, zina chaji. Anayetaka kukaguliwa shamba kabla ya mvua za vuli ajiandikishe kwake leo, na ataje pingili zake alizitoa wapi.