Malalamiko kuhusu picha tatu za Degas mlizozikata

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Uchapaji Picha,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: PICHA ZA WACHEZA BALETI ZILIZOKATWA BILA IDHINI YANGU

Mwezi uliopita niliagiza kwenu nakala za picha tatu za Edgar Degas, mchoraji Mfaransa wa karne ya 19, za kutundika kwenye chumba changu cha ushonaji. Nililipa Sh. 285,000 pamoja na fremu. Fremu zimenyooka, karatasi ni nzito, na kijana aliyezileta alikuwa na adabu zake. Lawama yangu ni kwa kilichomo ndani ya fremu, au niseme kisichomo.

Nianze na L'Étoile (Nyota), ya mwaka 1876 hivi. Katika picha halisi, iliyoko jumba la makumbusho la Musée d'Orsay mjini Paris, binti yuko mbele ya jukwaa anainamia watazamaji, mikono ameitanua. Nyuma yake, pembeni, wenzake wanasubiri, na hapo hapo amesimama mwanamume wa suti nyeusi ambaye uso wake umezibwa na mapambo ya jukwaa. Kwenye picha yenu mwanamume huyo hayupo. Nilipopiga simu, dada wa huduma kwa wateja alinijibu kwamba mbunifu wenu alimwondoa kwa kuwa "anaharibu picha".

Ni kweli anaiharibu, na Degas alimweka pale makusudi. Enzi hizo Opera ya Paris, jumba la maonyesho ya opera na baleti, ilikuwa na wanaume wenye fedha waliolipia viti vya msimu mzima, na kwa malipo hayo waliruhusiwa kupita nyuma ya jukwaa na kuzungumza na wachezaji. Mabinti wengi walitoka familia za kimaskini na waliingia shule ya Opera wangali watoto. Wafaransa waliwaita panya wadogo. Sasa mkimfuta yule wa suti, anabaki msichana mwenye maua kichwani anayetabasamu peke yake, kama kadi ya sikukuu. Kadi za hivyo ningezipata Kariakoo kwa bei ya chini zaidi.

La Classe de danse (Darasa la baleti) ndiyo iliyoniuma hasa. Mimi nashona mavazi ya kikundi cha ngoma, kazi yangu yote iko nyuma ya pazia. Namjua mchezaji kabla hajaitwa: anapiga miayo, anavuta mkanda unaobana, anakaa popote penye nafasi. Degas aliyaona hayo hayo miaka ya 1870. Mwalimu mzee, Jules Perrot, amesimama na fimbo yake, na karibu hakuna anayemsikiliza. Kushoto, binti mmoja amekaa juu ya piano anajikuna mgongo. Chini pana kijibwa na keni ya kumwagilia maji, maana sakafu ya mbao ilinyunyiziwa ili vumbi litulie na miguu isiteleze. Nyuma kabisa wapo akina mama waliowasindikiza binti zao. Ninyi mmekata upande wote wa kushoto. Binti wa kujikuna hayupo, kijibwa hakipo, keni haipo. Kisha mkaandika chini yake: "Wacheza baleti wakitumbuiza." Wanamtumbuiza nani? Hilo ni darasa!

Ya tatu, ya mwaka 1877, ni ile ya wasichana wawili wanaojinyoosha kwenye ufito wa mazoezi ulioshikizwa ukutani. Pale keni ya maji imepangwa hivi kwamba mpini na mdomo wake vinafuata umbo la mchezaji mwenyewe, mkono kwa mkono, mguu kwa mguu. Kwenye nakala yangu umebaki mpini tu. Mteja wangu mmoja aliniuliza kama ni sikio la kikombe.

Dada yule alijitetea pia kwamba hata Degas alikuwa akikata watu. Ni kweli. Katika picha yake nyingine, L'Orchestre de l'Opéra (Okestra ya Opera), wachezaji hawana vichwa, ukingo wa picha umewapitia shingoni, na mbele wamejaa wapiga muziki, katikati yao rafiki yake Désiré Dihau akipuliza fagoti, ala ndefu ya mbao. Lakini yeye alikata ili tuone wanaofanya kazi gizani. Ninyi mmewakata hao hao.

Yapo na madogo. Kipeperushi kinasema L'Étoile ni rangi ya mafuta; ni pasteli, yaani chaki za rangi, juu ya picha iliyochapwa kutoka kwenye bamba lenye wino. Kinasema pia kwamba Degas alichorea ukumbini wachezaji wakicheza mbele yake. Alichukua michoro ya haraka, akawaita mabinti waje kusimama mbele yake awachore, na kazi yenyewe akaimalizia chumbani kwake. Mlioandika "mchoraji wa Impreshoni", yaani wa kundi la wachoraji wa Paris wa enzi hizo, sitawagombeza, ingawa mwenyewe hakulipenda jina hilo.

Ninachotaka ni nakala tatu kamili, ukingo hadi ukingo, au fedha zangu zote, ndani ya siku 14. Gharama ya kurudisha ni yenu. Maelezo ya tovuti yarekebishwe, na penye picha iliyopunguzwa mseme imepunguzwa, ili anayenunua aamue mwenyewe. Siku hizo zikipita kimya, nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani pamoja na risiti.

Picha nimezirudisha kwenye boksi lenu, ziko nyuma ya cherehani. Dereva aje asubuhi. Mchana huwa napima watu nguo.

Mteja wenu,
Fundi wa mavazi ya jukwaa