Malta sio Blue Lagoon peke yake jamani

Ndugu Mhariri,

Ile makala yenu ya utalii kuhusu visiwa vya Malta, mliyoisifu Blue Lagoon, nimeisoma, nimetumiwa na ndugu zangu wa Lamu kwenye grupu la familia kila mmoja anauliza hivi ndo huko uliko, na nimeona niandike maana kuna watu wanaweka akiba ya safari na watakuja kutafuta vitu ambavyo havipo. Ile picha kubwa mliyoiweka juu, lile tao la mwamba limesimama ndani ya bahari, linaitwa Azure Window na lilishaanguka tarehe 8 Machi 2017, dhoruba ililipiga likaenda lote na nguzo yake. Sa hizi ukifika unaona maji tu. Pale mahali penyewe, Dwejra kule kisiwa cha Gozo, bado ni pazuri sana, kuna dimbwi la maji ya bahari limezungukwa na majabali na wavuvi wanakupakia kwenye vimashua wanakupitisha kwenye tundu la mwamba, giza kidogo, halafu ghafla unatokea bahari kuu. Hilo mngelisema ningewashukuru.

Halafu Blue Lagoon, ile ghuba ya kuogelea ya kisiwa kidogo cha Comino. Maji ni ya bluu kweli sibishi, lakini Julai na Agosti ukienda pale huoni hata pa kuweka kandambili, maboti yanamwaga watu toka asubuhi, hadi mwaka 2025 serikali ikaweka utaratibu kwamba lazima ujisajili mtandaoni kabla hujashuka. Na mtu aliyekulia Shela au Paje umpandishe ndege masaa yote hayo umuoneshe maji ya bluu? Mi naona ni hasara.

Mimi huku nafanya kazi ya kutunza wazee na siku ya mapumziko nikiwa na nguvu napanda basi. Kisiwa chenyewe cha Malta ni kidogo, kilomita za mraba 246 hivi, Unguja inakimeza mara kadhaa, kwa hiyo hakuna mahali pa kusema ni mbali, shida ni foleni. Wenzetu Wakristo wanakijua kwa jina la Melita, ndo kile alichopandia Mtume Paulo baada ya jahazi kuvunjika, na mpaka leo tarehe 10 Februari ni sikukuu yake, mji mkuu Valletta wote unatoka barabarani, sanamu inabebwa mabegani na karatasi zinamwagwa toka madirishani kama mvua.

Kwangu mimi namba moja ni Marsaxlokk, kijiji cha wavuvi. Watalii wanaenda Jumapili kwa sababu ya soko, mi nasema nenda siku ya kazi asubuhi, wavuvi wamekaa wanashona nyavu na hakuna anayekusukuma. Zile mashua zao wanaziita luzzu, zimepakwa buluu, manjano, nyekundu na kijani, na kila moja ina macho mawili kwenye omo, moja huku moja huku, mengine ya kuchongwa kabisa na nyusi zake, ili chombo kione njia na kisidhuriwe. Wenyewe wanasema desturi hiyo ni ya tangu Wafoinike, wale mabaharia wa kale wa Lebanoni. Mimi mara ya kwanza nilisimama pale nikacheka peke yangu, maana majahazi yetu ya Lamu nayo yana macho, na mitepe ya zamani ilikuwa nayo, sasa nani alimfundisha nani sijishughulishi, ila raha niliyoipata siwezi kuielezea. Na kama uko huku kuanzia mwisho wa Agosti mpaka Desemba ulizia samaki anaitwa lampuki, ndo yule faulusi wetu, wanamvua kwa ujanja mmoja nimeupenda, wanaelea matawi ya mtende baharini yametiwa nanga, samaki wanakuja kujibanza kwenye kivuli kukwepa jua, wavuvi wanawazungushia wavu. Muulize mzee yeyote pale gatini atakueleza mpaka uchoke, kiingereza wanaongea.

Mji wa Mosta watu wanapita wakienda kwingine na wanakosea. Kanisa lina kuba kubwa ajabu, na tarehe 9 Aprili 1942, Vita vya Pili vya Dunia vimepamba moto, watu zaidi ya 250 wako ndani wanangoja misa ya jioni, bomu la Wajerumani likatoboa kuba likaangukia katikati yao likabiringika sakafuni na halikulipuka. Hakufa mtu hata mmoja. Ukiingia angalia juu, wanakuonesha lilipopita, na mfano wa lile bomu umewekwa chumba cha nyuma. Bibi mmoja ninayemhudumia alikuwa mtoto vita vile, anasema njaa ndo iliwatesa kuliko mabomu, hata sasa hatupi kipande cha mkate, ukikitupa mnagombana siku nzima.

Mdina, mji mkuu wa kale ulio ndani ya ukuta, uende usiku. Mchana ni makundi na miavuli ya magaidi wa watalii (ndo tunavyowaita kwa utani, msinielewe vibaya, ni maguide), jioni wakishapanda mabasi yao unabaki na vichochoro na taa za manjano na paka, utadhani uko Mkomani kwetu Lamu isipokuwa hakuna punda. Kabla hujaingia pita Rabat hapo nje ya geti ununue pastizzi za moto, vitafunwa kama sambusa, kuna za jibini na za njegere, bei yake ni ya kula mbili tatu bila kufikiria. Nendeni na Dingli jua linapozama, majabali yanafika mita 250 hivi juu ya bahari na sehemu kubwa hakuna uzio, watoto washikeni mikono, kile kisiwa kidogo mnachokiona mbele ni Filfla, Waingereza walikuwa wanakifanyia mazoezi ya kulenga mizinga.

Valletta sina la kuongeza, kila mtu anaenda na aende, ila ukimaliza kuangalia ule mchoro wa mwaka 1608 wa Caravaggio, mchoraji wa Italia, kanisani kwa Mtakatifu Yohana usirudi hotelini, teremka bandarini uvuke kwa mashua mpaka Birgu ng'ambo ya pili, ndo utaiona Valletta yenyewe vizuri.

Kwenda Gozo, mabasi ya 41 na 42 toka Valletta yanakufikisha Ċirkewwa kwenye kivuko, kuvuka ni kama dakika 25, na msishangae kuona hamdaiwi nauli mkienda, mnalipa mkiwa mnarudi. Wanaotaka kukodi gari msiogope, huku wanaendesha kushoto kama kwetu, ila uvumilivu hawana.

Mje Februari mpaka Mei, mashamba yako kijani na bei za hoteli ziko chini, Agosti ni joto la kukausha mtu na jua halina huruma kwenye yale mawe. Viza ni ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, anzeni mapema. Na kama mnapenda mambo ya kale, lile hekalu la chini ya ardhi pale Paola, Hypogeum, mafundi waliligundua kwa bahati mwaka 1902 wakichimba visima na ndani kukakutwa mabaki ya watu wanaokadiriwa 7,000, humo wanaingiza watu wachache tu kwa siku ili pumzi za watu zisiharibu kuta, kwa hiyo tiketi yake ikateni kabla hata hamjakata ya ndege.

Mlamu wa Msida,
Malta