Kreatinini "ya kawaida" si ruhusa ya dozi kamili

Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma miaka mingi bila kukusumbua kwa barua. Lakini ile habari ya ukurasa wa afya, iliyowaambia waliopandikizwa figo kwamba kreatinini (taka ya damuni ambayo figo huichuja, ikijaa ni dalili figo imechoka) ikisharudi kwenye kiwango cha kawaida wanaweza kutumia dawa "kama mtu mwingine yeyote", siwezi kuinyamazia.

Kreatinini hutoka kwenye misuli. Mwenye misuli kidogo hutoa kidogo, hata kama figo yake inachechemea. Na mtu aliyesafishwa damu kwa mashine miaka kadhaa, kisha akawekwa kwenye prednisoloni, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo mpya, inayomla nyama, hiyo misuli ataitoa wapi?

Mdogo wangu ni mmoja wao. Miaka 58, kilo 41. Siku anatoka wodini kreatinini yake ilisoma maikromoli 97 kwa lita. Mtu akaweka alama ya vema kwa kalamu ya buluu, pembeni akaandika "kawaida". Kisanduku cha uzito kilikuwa kitupu. Akapewa valgansiklovia ya kumkinga na virusi vya saitomegalo, miligramu 900 kila siku, dozi ya mtu ambaye figo zake zinachuja mililita 60 kwa dakika au zaidi. Sasa chukua kanuni ya Cockcroft na Gault, ambayo ipo tangu 1976 na haitaki zaidi ya penseli: umri, uzito, jinsia, kreatinini. Jibu lake ni mililita 36. Na mwenye 25 hadi 39 hupewa miligramu 450, leo anameza, kesho anapumzika. Yaani dada wa watu alikuwa anakunywa mara nne ya anachostahili! Seli nyeupe za damu, ndizo askari wa mwili, zikaporomoka, akarudishwa wodini na homa, na huko tukaulizwa kama huwa ananawa mikono. Ananawa mikono! Nilipouliza kwa nini hakupimwa uzito nikajibiwa kwamba maabara ilishatoa makadirio yake ya uchujaji, 58, na nisiwafundishe watu kazi. Haya, hata hiyo 58 wangeiheshimu, dozi ingeshuka hadi 450 kwa siku. Tena makadirio hayo hutolewa kwa mwili wenye eneo la ngozi la mita za mraba 1.73, na mdogo wangu hafiki hapo hata umvishe makoti mawili.

Sisemi kanuni hiyo ni msahafu. Zote hizi hukisia, na zote huchukulia kwamba kreatinini imetulia. Siku za mwanzo baada ya upasuaji, figo mpya ikiwa bado imelala au ndiyo kwanza inaamka, namba ya leo inasimulia habari za juzi. Kotrimoksazoli, dawa ya kuzuia maambukizi ambayo wengi wa waliopandikizwa hupewa, huweza kuipandisha kreatinini bila uchujaji kupungua hata kidogo. Sistatini C, protini ya damuni inayotumika pia kukadiria uchujaji, haitegemei sana misuli, ila prednisoloni nayo huivuruga. Panapokuwa na shaka kubwa upo uwezekano wa kupima uchujaji wenyewe kwa ioheksoli, kemikali anayodungwa mtu kisha ikaangaliwa figo inaiondoa kwa kasi gani. Haya yote yangetosha pale mlipoweka picha ya daktari anatabasamu.

Na kwa kuwa kalamu bado iko mkononi: hawa wauza dawa wanaompa mtu wa figo ya kupandikizwa diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuiumiza figo, kwa sababu goti linauma, bila hata swali moja, nani aliwapa dirisha? Mwingine alitaka kumuuzia mdogo wangu klarithromaisini ya kikohozi, na anamwona kabisa ana takrolimasi mkononi, nayo ni dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo. Takrolimasi huondolewa na ini. Ukiizibia njia kwa klarithromaisini inajaa damuni na kuiumiza figo ile ile tuliyohangaika kuipata. Hapo hata kreatinini nzuri kiasi gani haikuonyi mapema.

Pendekezo langu: kila dirisha la dawa liwekwe mizani ya kukanyaga, na mfamasia asiguse kopo lolote la mgonjwa wa figo mpaka mgonjwa apande juu na kilo zake ziandikwe kwa wino mwekundu, pembeni ya kreatinini ya wiki hiyo, si ya mwezi uliopita. Mizani ya kwanza kabisa ipelekwe chumba chenu cha habari, na mwandishi wa ile habari awe mlinzi wake.

Msomaji wenu wa siku nyingi